Deni na Usuhuba: Usawiri wa Ulemavu katika Filamu Tatu, kutoka Kibera hadi Kisangani

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna urafiki na ulemavu unavyosawiriwa katika filamu tatu zilizotengenezwa nje ya studio kubwa za kibiashara: Soul Boy (2010) ya Hawa Essuman, iliyopigwa Kibera, Nairobi, Benda Bilili! (2010) ya Renaud Barret na Florent de La Tullaye, iliyopigwa Kinshasa. Na En route pour le milliard (2020) ya Dieudo Hamadi, inayowafuata majeruhi wa vita vya Kisangani. Hoja kuu ni kwamba uhusiano kati ya mtu mwenye ulemavu na rafiki yake huwa na sura moja pale ulemavu unapochukuliwa kuwa msiba wa kuonewa huruma, na sura nyingine kabisa pale unapochukuliwa kuwa deni linalodaiwa. Filamu ya Hamadi inashughulikiwa kwa kirefu zaidi kwa sababu ndiyo inayouhamisha ulemavu kutoka uwanja wa sadaka hadi uwanja wa madai.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umeizoea riwaya, tamthilia na ushairi, na kwa kiasi fulani fasihi simulizi. Filamu imebaki pembeni, ingawa ndiyo inayowafikia watu wengi wasiosoma riwaya na ndiyo inayorithi mengi kutoka ngano: safari ya msako, mtihani anaopewa shujaa, msaidizi anayejitokeza njiani. Wanaoiweka kando hudai kwamba filamu ni kazi ya picha na si ya maneno. Dai hilo halina uzito. Tamthilia nayo hukamilika jukwaani, na hakuna mhakiki aliyewahi kuitoa katika fasihi kwa sababu hiyo.

Suala la ulemavu limepuuzwa zaidi. Pale mhusika mwenye ulemavu anapotokea katika kazi ya Kiswahili, mazoea ya wahakiki ni kumfasiri haraka kama ishara: upofu ni ujinga wa jamii, ububu ni ukandamizwaji wa wanyonge, mguu uliokatika ni taifa lililokatwa vipande. Ufasiri wa namna hiyo una faida zake, lakini una gharama. Mhusika akishageuzwa ishara, hakuna tena anayeuliza ana rafiki gani, anapitaje njiani, wala nani aliyemkata mguu. Makala haya yanayachukua maswali hayo matatu kwa uzito wake wa kawaida, kisha yanatazama yanavyojibiwa na filamu zilizotajwa.

2.0 Ulemavu katika Lugha na Fasihi ya Kiswahili

Lugha yenyewe ina historia katika jambo hili. Majina mengi ya zamani ya watu wenye ulemavu yamo katika ngeli ya ki-/vi-: kipofu, kiziwi, kiwete, kibyongo, kilema. Baadhi ya wanaharakati wameona hapo dharau iliyofichwa, kwa kuwa ngeli hiyo hubeba vitu na udogo. Hoja hiyo inahitaji kupimwa kwa uangalifu. Kiongozi na kijana nao wamo humo humo, wala hakuna anayewaona kuwa vitu. Na upatanisho wa kisarufi humrudishia kipofu utu wake, kwani husemwa kipofu amefika, si kipofu kimefika. Dharau, kwa hiyo, haimo katika kiambishi. Imo katika tabia ya kulifanya jina la hali moja ya mwili kuwa jina la mtu mzima. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikiri jambo hilo ilipoweka, katika kifungu cha 54, haki ya mtu mwenye ulemavu kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni nadra kwa katiba ya nchi kujishughulisha na nomino, na mwanafunzi wa lugha hana budi kulizingatia hilo.

Methali nazo hazisemi kwa sauti moja. "Hujafa hujaumbika" huwaonya wenye viungo vyote kwamba umbo la binadamu halikamiliki kabla ya kifo. Leo ni mzima, kesho huenda si hivyo. Hii ni falsafa pana kuliko huruma, kwa kuwa haimweki mlemavu upande mmoja na mzima upande mwingine. Inawaweka wote katika mstari mmoja wa wakati. Hata hivyo, methali hiyo hulinyamazia jambo moja. Haisemi kwamba wapo wanaoumbuliwa na binadamu wenzao, kwa bunduki na mizinga, na kwamba katika hali hiyo swali si kudra peke yake.

Katika riwaya, mfano ulio karibu ni Kidagaa Kimemwozea (2012) ya Ken Walibora. Humo watoto wenye ulemavu wa Mwalimu Majisifu na mkewe Dora wanaishi katika nyumba iliyowachoka, hadi Imani anapoletwa kuwa yaya. Utu wa Imani unapimwa kwa namna anavyowatunza, na upungufu wa wazazi unapimwa vivyo hivyo. Watoto wenyewe ni mizani ya kuwapimia watu wengine. Hili si kosa la kisanaa, kwa kuwa riwaya ina shabaha yake ya kuufichua unafiki wa mtu anayesifiwa hadharani. Linabainisha tu kanuni iliyoenea: katika kazi nyingi, mhusika mwenye ulemavu ndiye anayetendewa, na rafiki mzima ndiye anayetenda. Filamu zinazofuata zinaweza kupangwa kulingana na umbali wa kila moja kutoka kanuni hii.

3.0 Soul Boy: Urafiki katika Mji wa Mbio

Soul Boy ilipigwa Kibera mwaka 2008, miezi michache baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mswada uliandikwa na Billy Kahora, na kazi ilisimamiwa na mwelekezi wa Kijerumani Tom Tykwer. Kisa chake ni cha ngano. Abila, mvulana wa miaka kumi na minne, anamkuta baba yake amelala hoi, hawezi kuinuka wala kufungua duka, akidai kwamba roho yake imeibwa. Mwizi ni Nyawawa, jina linalotokana na imani ya Waluo kuhusu mizimu ipitayo usiku. Abila anamwendea, naye anampa majukumu saba. Miongoni mwake ni kuvaa sura isiyo yake hadi aiamini mwenyewe, na kulipa deni la mtu mwingine. Anayefuatana naye ni Shiku, msichana wa Kikuyu.

Kisiasa, uzito wa urafiki huu hauhitaji maelezo marefu. Kuwaweka mvulana wa Kiluo na msichana wa Kikuyu katika msako mmoja, katika mitaa ambayo punde tu iligawanyika kwa misingi hiyo hiyo, ni kauli tosha. Usuhuba wao haukuhubiriwa. Umewekwa katika vitendo, na hapo ndipo filamu ilipofaulu. Tena ni usuhuba wa akili mbili. Shiku si mapambo ya safari ya Abila.

Baba anahitaji kutazamwa zaidi. Mwili wake uliolemewa ndio unaoianzisha hadithi, lakini hauna nafasi katika mwendo wake. Analala, wengine wanakimbia. Majirani wanaona ulevi, mwana anaona roho iliyoibwa, na hakuna anayemuuliza yeye anaonaje hali ya kulala pale. Katika kanuni ya ngano hili linaeleweka: mfalme mgonjwa husubiri dawa, na kijana ndiye anayeifuata. Lakini filamu hii imeiweka kanuni hiyo katika mahali halisi, na mahali hapo panaleta swali lake.

Kibera katika Soul Boy ni mji wa mbio. Kamera inamfuata Abila katika vichochoro, anaruka mitaro, anapenya kati ya kuta za mabati. Uzuri wa filamu umo katika kasi hiyo. Ila anayezijua njia za Kianda, Gatwekera au Laini Saba anajua pia kwamba ni njia za mguu mzima. Upana wake mara nyingi ni wa mtu mmoja, maji machafu hupita katikati, miteremko huteleza wakati wa mvua, na reli inaukata mtaa mzima. Kiti cha magurudumu hakipiti hapo bila watu wa kukibeba. Kwa hiyo mkaaji wa Kianda asiyeweza kutembea anaishi katika urafiki wa aina mahsusi, ambamo kufika kliniki, kanisani au chooni ni jambo la kupangwa na watu wawili au watatu. Mtu huyo hamo katika Soul Boy. Kukosekana kwake si dhambi ya mwelekezi, kwani filamu ya dakika sitini haiwezi kubeba kila mkaaji. Ila ni dalili. Pale umaridadi wa filamu unapojengwa juu ya mbio, asiyekimbia hana pa kusimama ndani yake, isipokuwa kitandani.

Jambo moja katika filamu hii linaielekeza makala mbele, nalo ni jukumu la kulipa deni la mwingine. Kibera yenyewe ni mji uliozaliwa na deni. Wanubi, askari wa mkoloni Mwingereza waliotoka Sudan, walipewa makazi pale mwanzoni mwa karne ya ishirini bila hati ya kumiliki ardhi, na ilipofika mwaka 2017 ndipo jamii yao ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kati ya utumishi wa askari na hati ya wajukuu. Filamu haigusii historia hii, lakini kwa kuliweka deni kati ya majukumu ya mvulana, imegusa mshipa wa mahali. Swali linalobaki ni hili: nini hutokea pale mwenye deni si jirani bali ni dola?

4.0 Benda Bilili!: Urafiki Unaoshinda

Benda Bilili! inakwenda hatua moja zaidi, kwani humo wenye ulemavu ndio wahusika wakuu. Staff Benda Bilili lilikuwa kundi la wanamuziki wa Kinshasa waliolemazwa na polio, wakisafiri kwa baiskeli za magurudumu matatu walizojiundia na kufanya mazoezi karibu na bustani ya wanyama ya jiji. Jina lao la Kilingala linahimiza watu watazame zaidi ya sura ya nje. Kiini cha filamu ni uhusiano kati ya Ricky Likabu, kiongozi wa kundi, na Roger Landu, kijana wa mitaani asiye na ulemavu anayepiga satonge, ala ya waya mmoja aliyoitengeneza mwenyewe kwa kopo.

Kanuni iliyotajwa katika sehemu ya pili imepinduliwa hapa. Mwenye ulemavu ndiye anayetoa, na mwenye miguu mizima ndiye anayepokea. Ricky anamchukua Roger, anampa nafasi katika kundi na kumlea katika kazi. "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," husema Waswahili, na filamu inaonyesha kwamba anayefaa si lazima awe mwenye nguvu za mwili. Kwa sababu hiyo peke yake inastahili heshima.

Hata hivyo, msuko wake unaivuta kwenye njia iliyozoeleka. Makazi yanaungua, rekodi inakwama, miaka inapita, kisha albamu Très Très Fort inatoka mwaka 2009, na kundi linapanda majukwaa ya Ulaya. Mwaka 2010 filamu ilionyeshwa Cannes. Mtazamaji anaondoka na furaha, na furaha hiyo ni ya haki. Lakini msuko wa ushindi una mantiki yake ya siri: unamwambia mtazamaji kwamba ulemavu ulishindwa na kipaji. Wale wasio na kipaji cha muziki wanaachwa wapi? Polio ilikuwa na chanjo tangu miaka ya 1950. Mtoto aliyelemazwa nayo Kinshasa miongo miwili au mitatu baadaye hakulemazwa na kudra peke yake. Alikosa tone ambalo watoto wa nchi nyingine walilipata. Hilo nalo ni deni. Filamu haikulidai, kwa sababu makofi ya ukumbi yalionekana kulilipa. Kundi lenyewe lilivunjika mwaka 2013, na msuko wa ushindi haukuwa na la kusema juu ya hilo.

5.0 En route pour le milliard: Urafiki Unaodai

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, mji wa nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyokusanya kumbukumbu za ukatili uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003, inakadiria raia waliouawa kuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa kuwa zaidi ya 1,000. Nyumba zaidi ya 400 ziliharibiwa. Tarehe 16 Juni 2000, Baraza la Usalama, katika azimio namba 1304, lilitamka kwamba serikali za Uganda na Rwanda zinapaswa kufidia hasara waliyosababishia wakazi wa Kisangani. Desemba 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua kwamba Uganda iliwajibika kulipa fidia kwa Kongo. Kesi dhidi ya Rwanda iliishia njiani mwaka 2006, kwa kuwa mahakama ilijiona haina mamlaka ya kuisikiliza. Hivyo, kwa mtu aliyekatwa mguu na kombora, haki ilitegemea kombora lilitoka upande gani wa mji.

Dieudo Hamadi alizaliwa Kisangani mwaka 1984. Alikwisha kuwagusa majeruhi hawa katika Maman Colonelle (2017), filamu inayomfuata Kanali Honorine Munyole wa polisi baada ya kuhamishiwa mjini humo kutoka Bukavu. Katika En route pour le milliard, yaani Njiani Kuufuata Bilioni, anawafanya kuwa kitovu. Baada ya kungoja karibu miaka ishirini, wanachama wa chama cha majeruhi wanaamua kuteremka Mto Kongo kwa tishali hadi Kinshasa, safari ya kilomita zipatazo 1,700, ili wakadai fedha ambazo wamesikia ziliamuliwa kuwa zao. Hamadi mwenyewe ndiye aliyeshika kamera.

5.1 Usuhuba wa Walio Sawa

Jambo la kwanza linalomgutusha mhakiki ni kukosekana kwa rafiki mzima. Hakuna Imani wa kuwatunza wala Roger wa kukamilisha kundi. Wasafiri wenyewe wana miguu ya bandia, magongo au mikono iliyokatika, na kila mmoja ni msaada wa mwenzake kwa kile alichobakiwa nacho. Mwenye mikono humsaidia asiye nayo. Mwenye magongo humngoja anayefunga mguu wake. Katika tishali lililosongamana watu na mizigo, chini ya turubai lisilozuia mvua, msaada huu si tendo la kishujaa. Ni utaratibu wa siku, kama kupika na kufua.

Jambo la pili ni ugomvi. Wasafiri hawa wanabishana kabla ya kuondoka, wanabishana njiani na wanabishana Kinshasa: nani aende, nani aseme, mbinu ipi itumike. Mwelekezi mwenye nia ya kuamsha huruma angeyakata mabishano hayo, kwa kuwa maskini wa kuhurumiwa hutakiwa awe mpole. Hamadi ameyaacha, na uamuzi huo una thamani kubwa ya kisanaa. Ugomvi ndio unaothibitisha usawa wao. Mtu hamgombezi anayemhurumia. Humgombeza mwenzake anayetarajia kitu kutoka kwake. Urafiki katika filamu hii umejengwa juu ya kutarajiana, na katika hilo unaukaribia ushirika wa wafanyakazi au wanakijiji kuliko ule usuhuba wa watu wawili unaojulikana katika riwaya.

Mwendo wa kamera nao umebadilika. Pale Soul Boy inapokimbia, filamu hii inangoja. Inangoja mguu ufungwe, ngazi ipandwe, mtu ateremke kutoka chomboni. Mtazamaji aliyezoea kasi atachoka, na uchovu huo una maana yake. Wakati wa filamu umekuwa wakati wa miili iliyomo ndani yake. Hapa ndipo fani na maudhui vinaposhikamana barabara.

5.2 Jukwaa na Mwili

Safari inakatizwa mara kwa mara na vipande vya jukwaani. Majeruhi hao hao wanaonekana wakiigiza na kuimba habari za vita vyao, wakiwa katika kundi la maigizo linalojiita Zombies de Kisangani. Jina hilo linastahili kusomwa sambamba na roho iliyoibwa ya baba Abila. Katika ngano, mtu aliyenyang'anywa roho hulala akingoja kuokolewa. Kule Kisangani, waliohesabiwa kuwa wafu wamesimama wenyewe na kujiita wafu kwa kejeli, mbele ya hadhira.

Mtu angeweza kupinga kwamba vipande hivi vinaipunguzia filamu uhalisia, kwa kuwa maigizo ni ya kutunga na safari ni ya kweli. Pingamizi hilo linasahau kazi ya jukwaa. Mtaani, mwili uliokatwa hutazamwa bila idhini: wapita njia hukodoa macho au huyageuza. Jukwaani, mwenye mwili ndiye anayeamua aonekane lini, kwa mwanga gani na kwa maneno yapi. Ni tofauti kati ya kutazamwa na kujionyesha. Abila alitakiwa avae sura isiyo yake hadi aiamini. Majeruhi hawa wanaivaa sura yao wenyewe hadi watu wengine waiamini. Tofauti hiyo ni muhimu, kwani tatizo lao halijawahi kuwa kutojijua. Tatizo lao ni kutosadikiwa.

Upungufu mmoja unapaswa kutajwa. Mpito kutoka jukwaani hadi mtoni haueleweki sawasawa kila mara, na mtazamaji asiyeijua historia ya mwaka 2000 huenda asipate maelezo ya kutosha kuhusu nani alipigana na nani, na kwa nini. Hamadi amechagua kuwafuata watu badala ya kueleza siasa. Uchaguzi huo unawapa wahusika hadhi, lakini unawapunguzia wenye lawama mwanga. Rwanda na Uganda zinabaki majina ya mbali, na faida za almasi na mbao zilizoivutia vita Kisangani zinabaki nje ya fremu.

5.3 Deni

"Dawa ya deni ni kulipa." Methali hii haina huruma ndani yake, na hiyo ndiyo nguvu yake. Haimuulizi mdaiwa kama anamwonea mdai imani. Haimtaki mdai awe mtu mwema, mwenye kipaji au mwenye kusikitisha. Inatambua uhusiano mmoja tu: kuna kilichochukuliwa, na kirudishwe.

Hapa ndipo filamu ya Hamadi inapoachana na kazi zote zilizotajwa. Wahusika wake hawaombi. Mtu mwenye ulemavu anayepiga hodi katika ofisi ya serikali hudhaniwa kuwa mwombaji kabla hajafungua kinywa. Hupewa sarafu au hufukuzwa, na vyote viwili ni majibu kwa ombi ambalo hakulitoa. Wanapofika kwenye lango la bunge jijini Kinshasa na kuzuiwa, kinachogombaniwa si fedha tu. Ni fasiri. Walinzi wanaona vilema waliokuja kusumbua; wao wanajiona raia waliokuja kudai. Walifika wakati nchi imeshughulishwa na uchaguzi wa Desemba 2018, na siasa za kura zikawapita kama mto. Filamu inakwisha bila malipo.

Yaliyofuata hayamo katika filamu, lakini yanabadilisha namna ya kuisoma. Tarehe 9 Februari 2022, mahakama iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022. Kati ya hizo, milioni 225 zilikuwa kwa madhara waliyopata watu. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Kwa kukosa ushahidi wa kina kuhusu kila tukio, mahakama ilikadiria fidia kwa jumla, bila kuihesabu kwa mtu mmoja mmoja. Tena mlipwaji alikuwa dola ya Kongo. Majeruhi walibaki wakitegemea mfuko wa fidia ulioundwa na serikali yao wenyewe, ile ambayo lango lake walikuwa wameligonga.

Kwa hiyo filamu na hukumu zimefanya kazi mbili zinazokamilishana. Mahakama ilikuwa na jumla bila nyuso. Filamu ina nyuso bila jumla. Mahakama ililalamikia uchache wa ushahidi. Filamu imeusafirisha ushahidi huo kilomita 1,700 na kuuweka langoni. Mhakiki anayesema kwamba sanaa haina kazi mbele ya sheria atafute mahali pengine ambapo kumbukumbu ya mguu mmoja mmoja uliopotea Kisangani imetunzwa kwa hadhi kama hii.

6.0 Hitimisho

Filamu tatu zilizochunguzwa zinaonyesha ngazi tatu za uhusiano. Katika Soul Boy, urafiki ni nguvu ya vijana wawili wazima wanaomwokoa aliyelemewa, naye hana sauti katika wokovu wake. Katika Benda Bilili!, mwenye ulemavu ndiye mlezi wa mwenzake, lakini thamani yake inathibitishwa na ushindi wake mbele ya ulimwengu. Katika En route pour le milliard, urafiki ni wa wadai wenza. Hauhitaji mwokozi wala makofi, na haukwishi kwa kushindwa kupata kilichodaiwa.

Matokeo haya yana maana kwa uhakiki wa Kiswahili. Kwanza, mhusika mwenye ulemavu asifanywe ishara kabla hajasomwa kama mtu mwenye marafiki, njia anazopita na historia ya jeraha lake. Pili, swali la nani anadaiwa liulizwe hata pale ambapo mwandishi hakuliuliza. Watoto wa Majisifu na baba Abila nao wanaweza kusomwa upya kwa swali hilo. Tatu, mahali pachukuliwe kuwa sehemu ya ulemavu. Mtu asiyeweza kutembea Kianda amelemazwa kwa sehemu na mguu wake, na kwa sehemu na njia ambayo hakuna aliyeitengeneza. Filamu ya Kibera itakayopigwa kwa kasi ya kiti chake, na ya wale wanaokibeba, bado inangojewa. Itakapokuja, haitakosa hadithi, kwa kuwa njia kutoka Kianda hadi barabara ya lami ina vituko vya kutosha kwa msako mzima. Na wanaokibeba kiti hicho kila siku watastahili kusawiriwa pamoja na mwenyewe, wakibishana juu ya njia ipi ipitike.